Samaki wa Bure wa Lamboni

Kijiji cha Kambini kiko magharibi ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya wapagazi. Misafara ya pembe ililala hapo, ikanywa maji, kisha ikaendelea na safari ya Ujiji. Ndiyo maana pakaitwa Kambini. Mwaka 1954 misafara ilikuwa haipo tena. Palikuwa na nyumba za udongo, msikiti mdogo, kanisa la bati, shule ya madarasa manne na duka moja. Barazani mwa duka hilo alikaa Thabit, fundi wa cherehani.

Thabit na mkewe Masika walikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Siwema, miaka kumi na mitatu, darasa la nne. Mdogo wake ni Darwesh, miaka kumi na miwili, darasa la tatu. Darwesh alisema sana. Siwema alisema kidogo. Lakini kwenye karatasi ya hesabu, Siwema ndiye aliyesema, na Darwesh akanyamaza.

Kila asubuhi Masika alichota maji kisimani, akachemsha uji, akawaamsha watoto.

"Darwesh, amka! Jogoo wa jirani amekwisha choka kukuita."

"Mama, jogoo hana shule."

"Ndiyo maana analiwa."

Siwema alikuwa amekwisha nawa, amekwisha kunja kitabu chake ndani ya kitambaa. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani. Mwalimu Kasimiri alikuwa amesema kwamba mwaka ule shule ya bweni ya wasichana itachukua mtoto mmoja tu kutoka Kambini. Kila mtu darasani alijua ni nani. Siwema naye alijua, ila hakuthubutu kulisema, hata peke yake.

Nje ya kijiji palikuwa na lambo. Ni bwawa kubwa ambalo serikali ililichimba kwa katapila baada ya vita, ili ng'ombe wapate maji wakati wa kiangazi. Watu wa Kambini hawakuwa wavuvi. Walijua ng'ombe, walijua asali, walijua mtama. Lambo waliliangalia kwa mbali.

Mwezi wa Juni alikuja Bwana Eustace kutoka bomani. Alikuwa bwana samaki, yaani mtumishi wa serikali wa mambo ya samaki. Alivaa kofia pana na viatu vya ngozi. Aliwakusanya watu dukani.

"Wazee wangu, shikamooni. Miaka miwili iliyopita tulimwaga perege wadogo katika lambo lenu. Sasa wamekuwa wakubwa. Nyinyi mnakula mlenda, na kitoweo kinaogelea mbele ya macho yenu!"

Watu walicheka.

"Jumamosi ni siku ya watoto," alisema. "Waje wote, wavulana na wasichana. Nitaleta ndoana. Watavua bure, na samaki ni wao. Wayajue maji yao wangali wadogo."

Mzee Ngollo, mwenye ng'ombe, alinyoosha mkono. "Bure ipi, bwana? Bure ya kutolipa, au bure ya kupoteza siku?"

"Ya kutolipa, mzee wangu."

"Haya. Maana hizo mbili huwa zinafanana."

Jumamosi ile watoto walijaa ukingoni kama kumbikumbi. Bwana Eustace aliwagawia ndoana. Aliwafundisha kufunga uzi kwenye fimbo na kutia chambo. Walikaa, wakangoja. Perege hawakuja. Walikuwa wamejificha ndani ya matete, mahali penye kivuli.

"Bwana, samaki wako wamelala," alisema Darwesh.

Bwana Eustace aliona aibu. Alikuwa ameahidi samaki. Akapiga kelele, "Basi wafuateni matete! Ingieni! Maji hayana meno!"

Watoto waliruka ndani. Siwema na Darwesh walishika kaniki ya mama yao, huku na huku, wakaiburuta ndani ya matete. Maji yaliwafika kiunoni. Walipoinua kaniki, perege wanne walirukaruka ndani yake. Siwema alicheka kwa sauti. Wenzake waligeuka kumtazama, kwa sababu hawakuwa wamezoea kusikia sauti yake.

Msichana mmoja tu hakuingia. Ni Veneranda, jirani yao, wa darasa moja na Siwema. Alisimama juu ya ukingo na fimbo yake.

"Ingia, Vene!" waliita.

"Siingii. Mna ruba humo."

"Ruba atanyonya nini kwako," alisema Darwesh, "na wewe ni mfupa mtupu?"

"Heri mfupa wenye damu yake," alijibu Veneranda. Watoto walimcheka mpaka jioni.

Palikuwa na jambo jingine, ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiri. Watoto zaidi ya sitini walikaa lamboni kutwa nzima, na hapakuwa na choo. Mtoto mmoja aliuliza, "Tukojoe wapi?"

"Humo humo," alisema Darwesh. "Samaki hasemi."

Walikojoa humo humo.

Jioni nyumba nyingi za Kambini zilinukia samaki. Thabit alikula, akalamba vidole. "Huyu bwana samaki ni mtu mwema," alisema. Tangu siku ile watoto waliruhusiwa kuvua kila Jumamosi. Siwema na Darwesh hawakukosa hata moja.

Mwezi wa Septemba Siwema alianza kuumwa chini ya kitovu. Akienda kukojoa, alisikia moto. Siku moja aliona damu. Aliogopa, akanyamaza. Siku ya tatu mama yake aliiona damu hiyo kwenye nguo.

Masika hakumwuliza mtoto. Kwa desturi yao, mama hasemi na binti yake mambo hayo. Husema shangazi. Basi Masika alimwita wifi yake, Mwanne, dada wa Thabit.

Shangazi Mwanne aliingia chumbani, akafunga mlango. "Siwema."

"Abee, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeona?"

Siwema aliinamisha kichwa. "Nimeona, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Basi. Usimwambie mtu."

Kwa wanawake wa Kambini, kuulizwa "umeona" ni kuulizwa kama msichana amevunja ungo, yaani kama ameingia mwezini kwa mara ya kwanza. Siwema hakulijua neno hilo kwa maana hiyo. Alidhani anaulizwa kama ameona damu katika mkojo. Na kweli alikuwa ameiona. Msichana mwenye adabu hujibu alichoulizwa, haongezi. Shangazi naye hakuuliza neno la pili.

Nje, Shangazi Mwanne alipiga kigelegele. Masika alikaa kizingitini, akalia kidogo kama akina mama wanavyolia. Halafu akaanza kuosha mchele.

Kesho yake Thabit alikwenda shuleni. Mwalimu Kasimiri alimkaribisha kiti.

"Mwalimu, mwanangu amekuwa mtu mzima. Nimekuja ulifute jina lake."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Bwana Thabit, mtihani ni mwezi wa Novemba. Mwache amalize. Ile nafasi ya bweni ni yake, sioni mwingine."

"Mwari haonekani njiani, mwalimu. Hiyo ni desturi yetu. Unataka watu wanicheke?"

"Watu watacheka siku moja. Mtoto atakaa bila shule siku zote."

"Futa jina, mwalimu."

Mwalimu Kasimiri alichukua wino mwekundu, akapiga mstari.

Siwema aliwekwa ndani majuma matatu. Dirisha lilikuwa dogo. Kila asubuhi alisikia kipande cha reli kikigongwa shuleni, na miguu ya watoto ikikimbia. Siku moja alasiri Veneranda alikuja nyuma ya nyumba, akanong'ona dirishani.

"Siwema, leo tumefanya sehemu. Nusu na robo. Ukijumlisha, kwanza unazifanya zote ziwe robo."

"Robo tatu," alisema Siwema.

"Ndiyo! Mwalimu ameuliza, hakuna aliyejua."

Shangazi Mwanne alisikia, akatoka na ufagio. "Nani huyo? Mwari hafundishwi robo! Nenda na robo yako!" Veneranda alikimbia. Hakurudi tena.

Damu haikukoma. Maumivu hayakukoma. Siwema alikonda. Masika alimwambia wifi yake, "Wifi, mbona haikatiki? Na mtoto anakunja uso kila akitoka chooni."

"Ya kwanza haina kawaida," alisema Mwanne. Akachemsha mizizi, akampa anywe. Ilikuwa michungu, na haikusaidia kitu.

Mwezi wa Oktoba Siwema alitolewa nje. Alivishwa kanga mpya, akapakwa mafuta. Watu walikula pilau, wakapiga ngoma. Yeye alikaa juu ya mkeka, ameinama. Kila mtu alisema, "Tazama adabu yake!" Haikuwa adabu. Tumbo lilikuwa linamkata.

Majuma matatu baadaye, siku ya Jumatatu, alikuja shuleni Bwana Tobias kwa baiskeli. Alikuwa dresa, yaani mtibabu msaidizi, wa zahanati mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya lambo, mtu wa Nzega, mpole, mwenye sauti ndogo. Mwalimu Kasimiri alikuwa amemwandikia kwamba wavulana wengi wanaomba ruhusa ya kutoka kila saa, na wanasinzia darasani. Bwana Tobias alileta kikapu cha chupa tupu. Kila mtoto alipewa chupa, akaambiwa akakojoe ndani yake.

Wavulana walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakaleta chupa, wakazipanga juu ya benchi. Nyingi zilikuwa na rangi ya chai. Ya Darwesh ilikuwa nyekundu. Aliiweka mbele, kifua kimetoka.

"Mbona unatabasamu?" aliuliza Bwana Tobias.

"Hiyo ni ya kiume, bwana. Wakubwa wanasema kijana akikojoa damu, anakomaa."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Basi kila mtu amekosea. Kijana, unajisifu kwa ugonjwa. Huu unaitwa kichocho."



Mchana, Darwesh alirudi nyumbani mbio. Mama yake alikuwa akisonga ugali. Siwema alikuwa akichambua mboga.

"Mama, mimi ni mgonjwa! Tuko wengi! Bwana Tobias anasema tulipata lamboni, siku za kuvua. Mtu anakojoa damu, anaumwa hapa, chini ya kitovu, na mkojo unachoma kama pilipili. Vene peke yake hana kitu, kwa sababu hakuingia majini!"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Masika alimtazama Siwema. Siwema aliendelea kuchambua mboga.

Kesho yake asubuhi Masika alimfunga bintiye kanga vizuri, wakatoka pamoja bila kumwambia shangazi.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye dawa ya kunawia mikono na benchi. Masika alianza kueleza kwa kuzunguka. "Bwana, huyu mtoto, tulidhani mambo ya kike. Lakini—"

"Samahani, mama," alisema Bwana Tobias. "Nikuombe ruhusa nimwulize yeye mwenyewe." Aligeuka, akainama kidogo ili asimtishe. "Binti yangu, hiyo damu unaiona wakati gani? Ukikojoa tu, au hata usipokojoa?"

Siwema alimtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa.

"Nikikojoa tu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwishoni. Na inachoma."

"Wakati mwingine, usipokojoa, haipo?"

"Haijapata kuwapo."

Masika aliketi chini sakafuni. "Mwanangu! Mbona hukuniambia?"

"Hamkuniuliza, mama."

Bwana Tobias aliuchukua mkojo, akautazama kwa hadubini, chombo cha kuonyesha vitu vidogo kuwa vikubwa. Halafu akamwita Masika. "Tazama, mama. Funga jicho moja."

Masika alitazama. Aliona kitu mfano wa mbegu ya tikiti, chenye mwiba mmoja nchani.

"Hilo ni yai la mdudu," alisema Bwana Tobias. "Mdudu mwenyewe anakaa ndani ya mwili, karibu na kibofu cha mkojo. Yai lina mwiba, linachoma, ndipo damu inatoka. Sasa sikiliza safari yake. Mtu mgonjwa anakojoa lamboni. Yai linaanguka majini, linaanguliwa. Kidudu kinamtafuta konokono mdogo, yule anayekaa kwenye matete. Kinaingia ndani ya konokono na kuzaana humo. Halafu vinatoka vingi mno, vidogo, jicho halivioni. Mtoto anaingia majini, vinapenya kwenye ngozi yake. Hakuna kidonda, hakuna maumivu, pengine mwasho kidogo tu. Baada ya miezi miwili mitatu, anaanza kukojoa damu."

"Kwa hiyo ni wale samaki?"

"Samaki hana kosa, mama. Mpike, mle. Kosa ni kuingia majini, na kosa kubwa zaidi ni kukojoa humo. Mwenye kichocho akikojoa lamboni mara moja, ni kama amepanda shamba zima."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Ni sindano za mshipani, siku moja anachomwa, siku moja anapumzika, mpaka mwezi uishe. Zinatapisha, sitakuficha. Lakini zinaponya."

Masika alifuta macho. "Na shule, bwana? Mtihani ni mwisho wa mwezi huu. Anaweza?"

"Huku anachomwa sindano anaweza kuandika. Nenda kwa mwalimu leo."

Wakaenda siku ileile. Mwalimu Kasimiri alisikia yote. Alimtazama Siwema, akatazama daftari lenye mstari mwekundu.

"Mama Siwema, majina ya watahiniwa yanakwenda bomani Jumamosi kwa basi la asubuhi. Leo ni Jumanne. Ningeliandika sasa hivi. Lakini aliyelifuta ni baba yake, kwa kinywa chake. Sheria inataka mwenyewe aje aseme. Mwambie aje kabla ya Jumamosi. Dakika moja tu inatosha."

Masika alikwenda dukani moja kwa moja. Thabit alikuwa akishona koti. Alimweleza. Gurudumu la cherehani lilizunguka polepole, likasimama.

"Atibiwe," alisema Thabit.

"Na shule, Baba Siwema?"

"Nimesema atibiwe."

"Mwalimu anakungoja wewe. Neno moja tu."

Thabit alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Masika, watu wamekula pilau yangu. Wamepiga vigelegele. Mzee Ngollo amenipa mkono wa pongezi. Leo nikasimame niwaambie nini? Kwamba nilifanyia sherehe mkojo?"

"Ndiyo. Kama ndivyo ilivyo, sema hivyo."

"Watanicheka mpaka kaburini."

"Wakucheke! Mtoto yule alikaa gizani majuma matatu kwa kosa letu."

"Nitafikiri."

Jumatano Siwema alichomwa sindano ya kwanza, akatapika. Thabit alikuwa anafikiri. Alhamisi Shangazi Mwanne alikuja, akasema, "Kaka, mwari akirudi shule, nani ataniita tena nimtazamie binti yake?" Ijumaa, baada ya sala, Thabit alipita karibu na shule. Alimwona Mwalimu Kasimiri mlangoni. Mwalimu alisimama, akangoja. Lakini Mzee Ngollo alikuwa akija njiani nyuma ya ng'ombe wake. Thabit alimsalimu mzee, akazungumza naye habari za mvua, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Siwema aliketi mlangoni. Alisikia honi ya basi. 

Jumatatu Thabit alivaa kanzu safi, akaenda shuleni. "Mwalimu, nimekuja kusema lile jambo. Liandike jina."

"Barua iliondoka juzi, Bwana Thabit."

"Andika nyingine."

"Hawapokei nyingine. Na darasa la nne halirudiwi, wa darasa la tatu wanangoja madawati. Nilikungoja Ijumaa mpaka magharibi." Mwalimu hakupandisha sauti. 

Mtihani ulifanyika. Nafasi ya bweni alipata Veneranda. Mwezi wa Januari alikuja kuaga, amevaa viatu kwa mara ya kwanza, vikimbana.

"Siwema, hii nafasi si yangu. Unajua."

"Sasa ni yako. Nenda ukasome." Siwema alimfungia kamba ya kiatu iliyofunguka, akarudi kwenye kinu.

Sindano zilimponya. Damu ilikoma na mwili ukarudi. Darwesh naye alipona, na watoto wengine wengi. Hakuna aliyejisifu tena.

Mwezi wa Mei Bwana Eustace alirudi na kofia yake. Alikuwa na furaha. "Wazee wangu, mwaka huu siku ya watoto itakuwa kubwa zaidi!"

Hakuna aliyecheka. Bwana Tobias alisimama. "Bwana samaki, wewe ndiye uliyewaambia waingie majini."

"Mimi ni mtu wa samaki, ndugu yangu. Si mtu wa mkojo."

"Samaki na mkojo viko lambo moja."

Ndipo Masika alipoinuka kutoka upande wa wanawake. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu. Alishika ncha ya kanga yake.

"Mnamjua mwanangu Siwema. Mlikuja kula pilau yake. Yule hakuwa amevunja ungo. Alikuwa na kichocho. Tulimtoa shule kwa ajili ya kichocho." Wanawake walianza kunong'onezana. Masika aliendelea, "Najua wengine wenu mna mabinti ndani sasa hivi. Kawaulizeni damu inatoka wapi. Waulizeni vizuri. Mimi sikuuliza."

Thabit alikuwa amekaa mbele, pamoja na wanaume. Watu walimtazama. Aliinama. Halafu akasema, "Ni kweli. Na mwalimu alinipa siku nne. Sikwenda." Mzee Ngollo hakucheka. Hakuna aliyecheka. Siku zote nne Thabit alikuwa ameogopa kicheko ambacho hakikuwapo.

Bwana Eustace alivua kofia. "Mama, sikujua."

"Na mimi sikujua, bwana. Lakini aliyemfungia mtoto ndani ni mimi."

Wakafanya kazi mwezi mzima. Wanaume walichimba vyoo viwili, mbali na maji, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Walifyeka matete ukingoni, ili konokono wakose pa kukaa. Waliokwenda kufyeka walipakwa mafuta mazito miguuni, wakafunga magunia mpaka magotini, na walipotoka wakajikausha haraka. Walipanga mawe makubwa kutoka ukingoni kuelekea ndani, kama daraja fupi, ili watoto wavue juu yake bila kulowa. Maji ya kunawa yalichotwa kwa ndoo yenye kamba, yakakaa ndani ya pipa siku mbili kamili. Bwana Tobias alieleza kwamba vile vidudu visipopata mtu hufa katika muda huo. Aliyekuwa na haraka aliambiwa achemshe.

Siku ya kuvua ilipofika, watoto waliketi juu ya mawe na fimbo zao. Bwana Eustace aliwafundisha kutupa ndoana mbali na kungoja. Samaki walikuwa wachache kuliko mwaka uliopita. Lakini hakuna mtoto aliyeingia majini, na kila aliyebanwa alikimbilia chooni. Darwesh ndiye aliyelinda ukingo. Akimwona mtoto anateremsha mguu, alipiga kelele, "Toa mguu! Unataka kutapika sindano kama mimi?"

Mwaka ule watoto wapya waliokojoa damu walikuwa wachache sana. Na akina mama wa Kambini waliweka utaratibu. Msichana akiona damu, kwanza anapelekwa zahanati na kuulizwa vizuri. Hawekwi ndani, wala hatolewi shule. Wasichana hawakupenda kwenda na mama zao, waliona haya. Walipenda kwenda na Siwema, kwa sababu Siwema hasemi ovyo.

Watatu walienda naye mwaka ule. Wa mwisho alikuwa Josepha, wa darasa la nne, mtoto mwenye akili. Mama yake alikuwa amekwisha osha mchele wa sherehe. Siwema alikaa kwenye benchi la nje, akangoja. Mlango ulifunguliwa, Josepha akatoka.

"Ni kichocho, dada! Sindano zinaanza kesho."

"Utapona."

Ng'ambo kipande cha reli kiligongwa. Josepha alishtuka. "Dada, nakwenda. Leo tuna hesabu!"

"Kimbia."

Josepha alikimbia, hakugeuka nyuma. Siwema alimtazama mpaka akaingia mlango wa darasa. Kisha alifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya kurudi nyumbani, ile ndefu inayozunguka nyuma ya nyumba za kijiji, isiyopita shuleni.